Kibao Nilichochora kwa Kusikia

Shilingi laki mbili na elfu tisini na nne. Nimezihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia chini kwenda juu, na hazikupungua. Ndizo zilizotoka ili herufi mbili zirudi mahali pake: viapo viwili na barua moja kwa wakili, ushuru wa stempu pamoja na faini ya kuuchelewesha, nauli ya Bukoba hadi Muleba mara tatu kwenda na kurudi, na rangi nyeusi robo lita. Chakula cha mchana sikukiweka kwenye hesabu. Nilikula kwa mteja.

Kazi yangu ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Niliifanya miaka thelathini na mmoja, na kama umewahi kununua sukari Rwamishenye, kunyoa Buhembe au kusaga mahindi Kibeta, basi umeshausoma mkono wangu bila kunijua. Nimestaafu kwa sababu mbili. Bega la kulia limegoma kuinuka kupita sikio, na siku hizi bango linachapwa kwa mashine kabla chai haijapoa, likiwa na picha ya mwenye duka anatabasamu. Sina kinyongo na mashine. Inakosea kama nilivyokosea mimi, ila kwa haraka zaidi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofungua fremu zenu za kwanza za maduka. Mimi si mwanasheria, na nikisema jambo la sheria hapa, kaliulize tena kwa anayelijua, maana sheria hubadilika na mimi nimebaki na bega moja. Lakini mchora vibao ana faida moja: ndiye wa kwanza kuitwa, kabla hata ya bidhaa kupangwa. Matatizo mengi ya biashara niliyaona rangi ikiwa bado mbichi, miaka miwili mitatu kabla hayajafika kwa wakili.

Nilitoza kwa herufi. Hilo liwakae kichwani, kwa sababu linaeleza tabia za wateja wangu na zangu pia. Mtu anayelipa kwa herufi hulipenda jina fupi. Mtu anayelipwa kwa herufi hupenda neno "Enterprises", na Wahaya, Mungu awabariki, hawakuniangusha. Wengi hata hawakuuliza maana yake. Waliuliza tu kama lina herufi kubwa mwanzoni.

Fundi aliyenifundisha aliitwa Ta Silveri (Ta kwetu ni heshima ya mwanamume, kama Ma ya mwanamke), mzee mwembamba aliyekuwa akinusa rangi kabla ya kuinunua kama mama anayenusa maziwa. Alinifunza mambo ambayo leo hayana mnunuzi: kuvuta uzi uliopakwa chaki na kuuachia upige ubao ubaki mstari; kukausha brashi kwa kidole, si kwa kitambaa; kuhesabu herufi kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, halafu kuanza na ile ya katikati, ili jina lisije likafika ukingoni limebanana kama kuku kwenye tenga. Na alinipa amri moja ambayo aliitamka kila Jumatatu kana kwamba Jumapili nilikuwa nimeisahau.

"Pius, usichore jina ulilosikia. Chora jina uliloliona. Mteja alete karatasi."

"Na asiyejua kuandika, Ta Silveri?"

"Ana cheti cha ubatizo. Padri anajua kuandika."

Nilicheka. Niliifuata amri hiyo miaka mingi, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo hizo laki mbili na elfu tisini na nne.

Lakini kabla yake acha niwape ya Evodi, maana inafupisha maelezo. Evodi alikuwa kinyozi wa Buhembe. Aliniita nimchoree jina la saluni yake, nikamaliza, nikawa nashuka kwenye ngazi, akaniambia, "Ta Pius, mwishoni ongeza LTD."

"Una kampuni?"

"Nina viti viwili na kioo."

"Sasa LTD unajua maana yake?"

"Maana yake imekamilika."

Nilikuwa kijana, na herufi tatu zilikuwa herufi tatu. Nikapanda tena ngazi. Haukupita mwezi, afisa biashara akapita barabarani, akakisoma kibao mara mbili kama ninavyosoma mimi, akaingia na kumuomba Evodi cheti cha kampuni. Evodi akamtolea risiti ya mashine ya kunyolea.

Yule afisa alikuwa mtu mpole. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akamweleza mbele yangu, maana nilikuwa nimekuja kunyoa, na nilijifunza siku hiyo bila kulipa. Jina la biashara, alisema, ni kama shati. Unalisajili ili ijulikane ni shati lako, lakini aliye ndani ya shati ni wewe. Duka likidaiwa, unadaiwa wewe, na kitanda chako nyumbani kinahesabiwa. Kampuni ni jambo jingine: sheria inaihesabu kama mtu mwingine kabisa, mwenye kudai na kudaiwa kwa jina lake. LTD ni tangazo kwamba mtu huyo amezaliwa. Ukilitangaza wakati hakuna aliyezaliwa, unadanganya umma, na kuna adhabu yake. Akampa Evodi siku saba.

Nilirudi na kitambaa na mafuta ya taa. Evodi akataka nimrudishie pesa ya herufi tatu. Nikamwambia kufuta nako ni kazi. Tulibishana mpaka mafuta ya taa yakakauka kwenye kitambaa, tukakubaliana aninyoe bure mara tatu, herufi moja kichwa kimoja. Hadi leo nadhani alinipunja kwenye D.

Sasa, Ma Leokadia.

Ma Leokadia ni mjane wa Kibeta. Mumewe, marehemu Rwechungura, alikuwa akinunua kahawa na kuikaanga nyumbani kidogo kidogo, anauza kwa pakiti. Alipofariki, mama huyu hakuuza sufuria. Aliendelea, akaenda kusajili jina la biashara, RWECHUNGURA KAHAWA SAFI, akapata namba ya mlipa kodi, na alipoamua kuhamia Muleba mjini, kwa kuwa huko wakaangaji walikuwa wachache, akakata leseni ya huko huko Muleba. Alijua kitu ambacho nusu yenu hamkijui: leseni ya halmashauri ya Bukoba haifungui mlango wa Muleba. Yaani mwanamke huyu alifanya kila kitu sawasawa. Mwenye kosa ni mimi.

Alinipigia simu akiwa Muleba.

"Ta Pius, nimepata fremu. Nataka kibao."

"Hongera, Ma Leokadia. Kisomekeje?"

"Jina la marehemu. Rwechungura Kahawa Safi."

Nikahesabu kwa vidole, kushoto na kulia. "Herufi ishirini na moja."

"Umehesabu na nafasi za katikati?"

"Nafasi sitozi."

"Basi punguza. A ziko tano. Ukishachora ya kwanza, hizo nne mkono unakuwa umezoea."

Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu anayeniletea hoja ambayo sijawahi kuisikia huwa namheshimu, na nikimheshimu mtu bei inashuka. Tukapatana kwa bei ambayo haikuacha nafasi ya safari yoyote isiyo ya lazima. Cheti chake kilikuwa nyumbani kwake Kibeta, nusu saa kwa miguu, na mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Bukoba isiyojua saa ya kuondoka. Nikaona nitauliza tu.

Wasomaji wa mbali wanisamehe, hapa lazima nieleze. Kwetu Wahaya R na L ni watoto wa mama mmoja, na mara nyingi wanavaliana nguo. Ndugu wawili tumbo moja utakuta mmoja kwenye kitambulisho ni Rwegasira na mwingine Lwegasila, na wanakula sahani moja bila ugomvi. Jina kama Rwechungura lina R mbili, kwa hiyo lina sura nne, na kila sura ina mtu anayeiapia kwamba ndiyo sahihi.

"Ma Leokadia, jina hilo ni kwa R au kwa L?"

Akajibu. Kwa simu ile ingeweza kuwa yoyote.

"Sema vizuri. Ni L ya limau au R ya redio?"

"Ya ledio, Ta Pius! Ya ledio!"

Masikio yangu nayo ni ya Kihaya. Yalisikia L, yakaridhika. Nikachora LWECHUNGULA KAHAWA SAFI, herufi ishirini na moja, nyeusi kwa njano, na nawaambia bila aibu kwamba kilikuwa kibao kizuri. Nilikipeleka mwenyewe Muleba, nikakipigilia. Ma Leokadia akasimama barabarani akakisoma kwa sauti, "Lwechungula Kahawa Safi," akafuta machozi. Alikisoma kama anavyolitamka. Angeonaje kosa?

Mwenye nyumba alikuwa Ta Anatoli, mzee wa watu. Alikuja na vibuyu vya maneno mazuri na kahawa ya kutafuna, zile buni kavu zilizopikwa ambazo mgeni kwetu hupewa kiganjani kabla hajaulizwa shida yake. Walitafuna. Ta Anatoli akasema, "Mwanangu, mimi na wewe tumeshatafuna kahawa. Karatasi ya nini tena?"

Ma Leokadia akamwambia, "Baba, nakuheshimu. Lakini mimi najenga jiko humu ndani. Jiko halitafuniki."

Jiko lenyewe ni la matofali ya kuchoma, limejengwa ukutani nyuma ya fremu, bomba lake la moshi limetoboa ukuta na kutokea uani. Ndilo linaloipa kahawa yake ile rangi ambayo wateja wanaifuata. Alilijenga kwa akiba aliyoweka miaka sita kwenye kikundi cha kina mama. Jiko la namna hiyo huhami nalo. Ukitoka, unaliacha. Kwa hiyo alitaka mkataba wa maandishi wa miaka mitatu, na haki ya kuongeza, na Ta Anatoli akakubali.

Mama mmoja mwenye duka la kuchapa la jirani akaja na mashine yake. Alipofika mahali pa jina la mpangaji, hakuuliza mtu. Aliinua kichwa, akasoma kibao changu kipya, akanakili. Mpangaji: LWECHUNGULA KAHAWA SAFI. Hakuna jina lingine. Wakasaini. Walihitaji shahidi, na mimi nilikuwepo, nina nyundo mkononi. Nikasaini pia. Nilihesabu kurasa mara mbili. Herufi sikuzihesabu, kwa sababu zilikuwa zangu.

Mwaka wa pili Ta Anatoli akafariki. Warithi wakagawana, na nyumba yenye fremu ikauzwa kwa Bwana Deus, mfanyabiashara wa spea za pikipiki. Wiki tatu baadaye Ma Leokadia akafika kwangu Rwamishenye na barua mkononi. Hakusalimia, na kwetu asiyesalimia ana msiba.

"Ta Pius, umeniua."

"Mbona bado unatembea?"

"Soma."

Nikasoma. Bwana Deus alimpa siku thelathini. Alisema fremu ile kwa mujibu wa mkataba imepangishwa kwa mtu aitwaye Lwechungula, ambaye yeye hamfahamu wala hajawahi kumwona. Aliyemo ndani ni mwanamke aitwaye Leokadia Rwechungura, ambaye hana mkataba wowote. Aondoke, aache chumba kama kilivyo.

"Kama kilivyo," Ma Leokadia akarudia. "Maana yake na jiko. Anataka fremu, na jiko atalibomoa apange matairi."

Nikaitazama ile barua kutoka kushoto, nikaitazama kutoka kulia. Nilitaka kumlaumu yule mama wa kuchapa. Kisha nikamkumbuka Ta Silveri na cheti chake cha ubatizo, nikavaa koti.

Wakili tuliyempata Bukoba mjini alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, ofisi yake juu ghorofani, ngazi kumi na tisa. Alisoma mkataba akiwa na kalamu nyekundu, na kila alipoigusa karatasi nilihisi kama ananigusa mimi.

"Mama, hii hapa chini ni saini yako au kuku amepita?"

"Ni yangu, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Haisomeki. Na jina lako kamili halimo popote. Mmeandika mpangaji ni jina la biashara. Jina la biashara si mtu, haliwezi kupanga. Ilitakiwa iandikwe: Leokadia Rwechungura, namba ya kitambulisho hii, anayefanya biashara kwa jina la fulani. Halafu hilo jina lenyewe limekosewa. Nani aliliandika?"

Ma Leokadia alinitazama. Wakili naye akanitazama.

"Mimi ni shahidi tu," nikasema.

"Shahidi wa nini, mzee wangu?"

"Wa kosa langu."

Alicheka, na hapo nikajua tumepata wakili. Akatufafanulia mambo matatu ambayo ningependa kila mmoja wenu ayabandike ukutani, na kwa mara hii sitozi herufi. Kwamba nyumba ikiuzwa, mpangaji mwenye mkataba kama ule hafukuzwi na mauzo. Mnunuzi ananunua nyumba na mpangaji aliyemo, mpaka muda wake uishe. Hilo lilikuwa upande wetu. Kwamba mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu ni mzigo mezani pa hakimu, hataupokea kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Wetu haukulipiwa. Na kwamba tofauti ya jina inatibiwa kwa kiapo: mwenye jina anaapa mbele ya wakili kwamba haya mawili ni ya mtu mmoja na biashara moja, na anayejua kosa lilivyotokea anaapa naye aeleze.

"Wewe, mzee, utaapa," akaniambia. "Utaeleza ulivyoandika."

Kile kiapo changu kilikuwa na aya saba. Nilitamka kwa kinywa changu kwamba mimi, mchora vibao mzoefu, nilichora jina la mteja kwa kulisikia kwenye simu bila kuona cheti chake, na kwamba mkataba ulinakiliwa kutoka kibao hicho. Binti alipokipiga muhuri, Ma Leokadia akaniinamia sikioni, "Leo umeandika mengi, na hakuna anayekulipa."

Wakili akamwandikia Bwana Deus barua. Bwana Deus akajibu kwa simu kwamba yeye haendeshwi na barua, anayetaka kuzungumza aje Muleba. Tukaenda: Ma Leokadia, mimi, na viapo vyetu ndani ya bahasha ya kaki. Wakili hakuja, siku yake moja nje ya ofisi ingeizidi hesabu niliyowapa juu. Tulikaa mle mle kwenye fremu, jiko likiwa na moto, na mwenyekiti wa kitongoji alikalishwa katikati kama jiwe la mizani.

Bwana Deus ni mtu mkubwa, mcheshi, na si mbaya. Alikuwa tu amenunua nyumba na alitaka kuitumia yote. Alisoma kiapo changu akitikisa kichwa.

"Ta Pius, wewe ni Mhaya?"

"Ego."

"Hebu sema 'rula'."

"Lula," nikasema.

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika tumbo. Hata Ma Leokadia alicheka, akiwa na macho mekundu. Bwana Deus akaona ameshinda, akafungua mkoba.

"Jamani, tucheke lakini tusipotoshane. Sheria ni maandishi. Maandishi yanasema Lwechungula. Huyu ni Rwechungura. Mimi ndiye mwenye nyumba, na wangu mkataba wa mauziano huu hapa, umesainiwa, una mashahidi wanne, una muhuri." Akaupiga mezani.

Nilivuta ile karatasi kwa tabia tu, kama mtu mwingine anavyovuta gazeti la jana. Nikalitafuta jina la ukoo la mnunuzi, nikahesabu herufi zake kutoka kushoto. Tisa. Nikahesabu kutoka kulia. Tisa. Idadi ilikuwa sawa. Lakini mkono wangu, uliochora R labda elfu kumi, unajua mguu wa R unapokosekana.

"Bwana Deus," nikasema, "una kitambulisho chako hapo?"

"Cha nini?"

"Nataka kuona jina lako la ukoo limeandikwaje. Mwenyekiti, mruhusu mzee aone."

Akakitoa, kwa dharau kidogo. Deusdedit Rwelamira. Nikakilaza juu ya mkataba wake wa mauziano, sentimita mbili chini ya jina la mnunuzi, ili mwenyekiti aone bila kuvaa miwani. Mnunuzi: Deusdedit Lwelamila.

Buni zililia tata-tata kwenye jiko. Ma Leokadia akainuka akazikoroga, maana kahawa haingoji kesi, akasema akiwa ametupa mgongo, taratibu kabisa:

"Sasa huyo Lwelamila aliyenunua nyumba hii, naye hatumfahamu. Tutamlipa nani kodi?"

Mwenyekiti akatoa leso akajifuta uso wote. Bwana Deus akachukua kitambulisho chake, akachukua mkataba wake, akaviangalia kimoja baada ya kingine, mara mbili. Nilimpenda kwa hiyo mara ya pili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo tangu tulipoingia:

"Ta Pius, hicho kiapo... yule binti anatoza kiasi gani?"

Alifuta notisi pale pale, kwa mkono wake, mwenyekiti akashuhudia. Sisi nasi tukampa namba ya wakili. Hatukumtoza kwa hilo, ingawa nilifikiria.

Mimi nikapanda ngazi, bega likilia, nikazirudisha R mbili kwenye nafasi zao. Ma Leokadia alishikilia ngazi mwenyewe na karatasi yake ya usajili akaiweka wazi mbele ya macho yangu muda wote, kama padri anavyoshikiwa kitabu. Nikatoza herufi mbili. Akalipa herufi moja, akasema nyingine ni ya yule aliyesikia vibaya.

Ninyi mnaosajili siku hizi kwenye mtandao, msijidanganye kwamba haya yamepita. Kijana wa duka la kompyuta anakuuliza jina, anaandika anachosikia, anabonyeza, na kosa linasafiri hadi kwa msajili, kwenye leseni, benki na mkatabani. Kabla hajabonyeza, mwambie asogee. Weka kitambulisho karibu na kioo. Hesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Ukisoma kinyume, mdomo hauwezi kukudanganya, kwa sababu hakuna mtu anayelitamka jina lake kinyume. Ukipanga fremu, andika jina lako wewe kwanza, lile la kitambulisho, halafu la biashara. Saini ile inayosomeka. Na wasipokuelewa ukidai karatasi baada ya kutafuna kahawa, wape heshima yao, tafuna, halafu dai karatasi.

Ma Leokadia bado yuko pale pale, jiko linawaka, na siku hizi Bwana Deus hununua nusu kilo kila Jumamosi, kwa bei ile ile ya watu wengine, maana nimeuliza. Ule mkataba wa miaka mitatu sasa unaisha, na haki yake ya kuongeza haikutaja kwa masharti gani. Bwana Deus ameleta mpya, umechapwa vizuri, majina yote yako sawa, nimeyahesabu. Kodi haijapanda sana. Ila kipengele cha tisa kinasema hivi: kitu chochote kilichojengwa na mpangaji ndani ya chumba kitakuwa mali ya mwenye nyumba siku mpangaji atakapoondoka. Nimemuuliza Bwana Deus, anasema ni maneno ya kawaida, kila mkataba unayo. Inawezekana ni kweli. Wakili wetu amesafiri kwa uzazi, tunamwombea heri, na hatutaki kumsumbua.

Kwa hiyo mimi nimewapa yangu, nipeni yenu. Miongoni mwenu wapo waliopanga fremu wakajenga humo oveni, tanuri, au mashine ya kusaga iliyofungwa kwenye zege. Mliandikaje? Mlitaja kitu chenyewe kwa jina na kusema ni cha mpangaji? Mliomba alipwe thamani yake akitoka? Au mlikifuta kipengele chote, na mwenye nyumba akakubali? Nileteeni maneno kamili, yaliyoandikwa, si ya kunisimulia kwenye simu. Bwana Deus ameshasaini upande wake, na Ma Leokadia anatakiwa kusaini Jumatatu.